Kadi ya Tatu

Kwa miaka kumi na tisa hakuna kosa lililompita Jicho. Wateja ndio waliompa jina hilo, na lilimkaa vizuri hata bosi wake akawa analiandika kwenye orodha ya zamu. Kazi yake ilikuwa kukagua kila kilichotoka kwenye duka la uchapaji, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na lifti: mialiko ya harusi, vyeti, matangazo ya misiba, na kila ifikapo Februari, kadi za Siku ya Wapendanao. Ukisikia mtu anadai alipewa kadi ya duka lile imeandikwa "nakupeda", jua mtu huyo ana chuki zake. Kosa lililompita Jicho ni moja tu, lilikuwa na maneno arobaini, na ndani yake hakuna hata herufi moja iliyokosewa.

Bosi, mzee mwenye ulimi mkali na roho nyepesi, ndiye aliyemfundisha kazi. Ukisoma kama watu wanavyosoma, alimwambia, maana itakubeba mgongoni, na aliyebebwa haangalii njia. Anzia mwisho. Basi Jicho akajifunza kuweka rula chini ya mstari wa mwisho, kusoma neno la mwisho, kisha lililo kabla yake, hivyo hivyo mpaka neno la kwanza. Kwa namna hiyo maneno hayana ujanja wa kumdanganya mtu, maana hayasemi kitu. "Mpenzi" kwake lilikuwa neno la herufi sita, na alihakikisha zote sita zipo.

Njia hiyo ilimfaa sana, pengine kupita kiasi. Mama yake alipofariki, baada ya Jicho kumuuguza miaka minane peke yake, tangazo la msiba lilichapwa dukani kwao na yeye mwenyewe akalikagua. Alikuta makosa mawili, akayasahihisha, akalipeleka mashineni. Watu wakasema ana moyo wa jiwe, hakudondosha chozi hata kaburini. Watu husema. Ukweli ni kwamba alijaribu kulia, kwa bidii kabisa, akashindwa. Umewahi kung'olewa jino kwa sindano ya ganzi? Unagusa shavu na kidole, unajua ni shavu lako, lakini ni kama unagusa la jirani. Ndivyo alivyokuwa, na ilikuwa imepita miaka miwili bila ganzi kutoka.

Sasa mtu wa namna hiyo akapata mpenzi. Msinicheke. Lifti ya jengo lao ilikwama siku moja kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na Jicho akiwamo. Fundi wa lifti akaja, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango na kuanza kumliwaza, kama walivyofundishwa: avute pumzi polepole, asiogope, anamtoa sasa hivi. Ndani ikatoka sauti iliyotulia tuli ikimwambia asiharakishe, kwa sababu amebakiza kurasa mbili. Alikuwa ameketi sakafuni anakagua mialiko. Fundi alikuwa na miaka hamsini, ameachana na mkewe zamani, na katika kutoa watu kwenye lifti alishalaaniwa, alishashikwa shati, alishatapikiwa viatu. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia asiharakishe. Akaitengeneza ile lifti kwa saa nzima, kazi ya dakika ishirini, akimngoja amalize kurasa zake.

Walikuwa pamoja tangu hapo, miezi minane. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Alikuja jioni wakatembea, au wakakaa mahali wakanywa chai, na kimya chao hakikumchosha yeyote. Jicho alimheshimu, alimzoea, alijua anavyokunja mikono ya shati. Lakini kila alipojiuliza kama anampenda, alipekua ndani mwake kama anayetafuta ufunguo mfukoni, akatoa mkono mtupu. Hilo ndilo lililomsumbua. Aliona si haki mwanamume mzuri kama yule kupoteza muda kwa mwanamke mwenye ganzi, na alijua iko siku Fundi atauliza, na yeye uongo hauwezi.

Kwa hiyo Siku ya Wapendanao ilipokaribia, Jicho alikuwa na miaka arobaini na tatu na hajawahi kuiadhimisha na mtu. Wanaume wawili waliwahi kupita maishani mwake, na wote walipita kabla ya Februari. Mdogo wake, msusi, mwanamke wa maneno kama redio iliyokwama, aliichukua habari hiyo kama vile ni yeye anayeolewa. Alimsuka dada yake upya bila kumuuliza mtindo, akamletea gauni jekundu, akamwonya asije akavaa zile raba zake.

"Dada, wewe kazi yako ni kukaa na kutabasamu," alimwambia. "Mengine mwachie yeye."

"Na akiniuliza kama nampenda?"

"Unasema ndiyo. Kwani neno hilo linakatwa kodi?"

Jicho akasema atafikiria. Akamnunulia Fundi zawadi, glavu nzuri za ngozi za kazini, maana zake zilikuwa zimetoboka vidole viwili. Akamaliza hapo, akarudi kwenye kadi za watu.

Jumatano ya wiki hiyo, siku tatu kabla, duka lilifurika. Foleni ilitoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mpiga taipu wao, dada aliyeitwa Spidi, alikuwa na visikizi vya muziki masikioni na vidole vinavyokwenda vyenyewe. Hata angeandikiwa hukumu yake ya kunyongwa angeitaipu akitikisa kichwa. Fundi akaja katikati ya vurugu hiyo akiwa na vikaratasi vitano vya maneno ya kadi, vimebanwa pamoja. Alisema ni vya jamaa wa karakana, wamemtuma. Hilo halikuwa geni. Kila mtu mwenye jamaa dukani hutumwa. Kadi hizo hazikuwa na majina, maana kadi za siku hiyo watu huzisaini wenyewe kwa kalamu. Jicho akamwambia asubiri pale kaunta, akamtabasamia kidogo, akampa Spidi vikaratasi.

Vinne vilikuwa vya jamaa wa karakana kweli. Cha tatu kilikuwa chake mwenyewe. Jicho hakuwahi kuuona mwandiko wake, kwa kuwa watu wa siku hizi hupigiana simu, lakini Fundi alikuwa na hakika kwamba akifika kwenye maneno yale atamjua. Kilisema hivi:

"Mpenzi, tangu siku ile uliponiambia nisiharakishe, sijaharakisha. Sasa kazi inaniharakisha. Wananitaka nihamie mji mwingine miaka miwili, na jibu wanalitaka Ijumaa. Mimi kusema siwezi, ndiyo maana nimeyaleta haya mbele ya jicho lako. Ukitaka nibaki, niambie nibaki. Neno moja linatosha. Ukinyamaza, nitaelewa"

Alikuwa amekesha usiku mzima kwa ajili ya ule mstari wa mwisho. Na sasa alisimama hatua moja kutoka kwa Jicho, mikono juu ya kaunta, akimwangalia anavyochukua karatasi ya kwanza iliyochapwa, anaweka rula, anaanza. Ya kwanza ikapita. Ya pili ilikuwa na herufi moja imeruka. Akaizungushia wino mwekundu. Akachukua ya tatu.

Fundi aliinamia kaunta. Aliyaona macho yake yakienda, mstari mmoja, mstari mwingine, na hakujua kwamba yanatoka chini kwenda juu. Angejuaje? Kwa aliyesimama upande wa pili wa kaunta, kukagua na kusoma vinafanana. Alikuwa akingoja nyusi zipande, au mkono utetemeke, au ainue uso tu amwangalie. Uso wa Jicho haukubadilika hata kidogo. Mara kalamu ikasimama. Fundi akashika ukingo wa kaunta. Jicho akainamia karatasi, akatia nukta mwishoni mwa mstari wa mwisho, akaendelea na ya nne.

Alipomaliza zote alizipanga, akamkabidhi.

"Zote ziko sawa," alisema. "Ile ya tatu ilikosa nukta tu. Nimeitia."

"Nukta."

"Mwishoni pale. Sasa imekamilika."

Fundi alibaki amesimama. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna kingine cha kusema. Jicho akafikiri anazungumzia kadi, akamjibu hakuna kingine. Kisha, kwa kuwa mama mmoja nyuma alikuwa ameanza kusonya, akatamka alilolitamka mara mia siku hiyo.

"Anayefuata."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini wa Fundi haukusikika na mtu. Alishuka kwa ngazi, yeye fundi wa lifti. Alhamisi alipiga simu akauliza kama Jumamosi bado ipo. Jicho akasema ipo. Fundi akangoja kidogo kwenye simu, labda neno litakuja, na Jicho naye akangoja, akidhani simu ina matatizo. Ijumaa saa nne asubuhi mwanamume yule akaenda ofisini kwao akasaini.

Jumamosi duka lilifungwa saa nane mchana. Jicho akavaa gauni jekundu kwenye choo cha duka, akabadilisha raba, akaenda mkahawani. Palikuwa pamepambwa maputo mekundu mpaka kwenye mlango wa jikoni. Kila meza ilikuwa na ua la plastiki, na karibu kila meza ilikuwa na kadi ya duka lao. Alizijua kwa ukingo wake. Meza ya jirani msichana alisoma kadi akalia, na mpenzi wake akamfuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Jicho aliikumbuka kadi ile. Ilikuwa na "milele" mara nne, na moja kati ya hizo ilikuja na "l" mbili. Alimtazama yule msichana kwa makini, kama mtu anayejifunza namna ya kufunga tai.

Fundi alikuwa amevaa shati jipya. Alimsifu gauni, akamvutia kiti, wakaagiza kuku na viazi, na baada ya hapo hakukuwa na la kusema. Kimya kilikuwa cha kila siku lakini leo kilikuwa na uzito, na hata Jicho aliuhisi, kama unavyohisi kwamba mtu amehamisha kabati chumbani bila kujua ni lipi. Alingoja swali. Alikuwa amejiandaa kulijibu kwa ukweli. Swali halikuja. Akaona bora atoe zawadi.

Fundi alizivaa glavu, akakunja na kukunjua vidole. Alisema ni nzuri. Kisha akasema:

"Zitanifaa sana huko."

"Huko wapi?"

"Nilisaini jana. Gari linaondoka Jumatatu saa moja asubuhi."

Jicho akauliza amesaini nini, na gari la kwenda wapi. Hapo kwa mara ya kwanza katika miezi minane Fundi alikasirika, japo hasira yake nayo ilikuwa ya mtu asiyejua maneno. Alivua glavu moja, akaiweka, akaivaa tena.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Kama hutaki, hutaki, mimi si mtoto. Lakini uliisoma. Nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Niliisoma nini?"

"Ya tatu. Ukaitia nukta."

Jicho aliweka uma chini. Akakumbuka ile nukta vizuri kabisa. Angeweza kukuonyesha ilipokaa. Kilichokuwa kabla yake hakukumbuka hata neno.

"Sikuisoma," alisema. "Niliikagua."

"Kuna tofauti gani?"

Basi akamweleza. Mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, rula, maana isimbebe. Alieleza polepole na kwa ufasaha, kama anavyomweleza mfanyakazi mgeni, na kadiri alivyoeleza ndivyo Fundi alivyozidi kuinamisha kichwa. Alipomaliza, mwanamume alitia mkono mfuko wa shati akatoa ile kadi. Alikuwa ameibeba siku zote tatu. Jicho akaipokea, akaanza juu, akashuka mpaka chini kama wanavyosoma watu.

Aliielewa. Aliona ilivyo nzuri. Aliona kwamba mtu aliyeikabidhi kadi hii akaambiwa "anayefuata" ameumizwa vibaya, na aliyemuumiza ni yeye. Alijua haya yote kama unavyojua leo ni Jumamosi. Akangoja kitu kimshike kifuani. Hakikuja.

"Sasa umesoma," alisema Fundi. "Ungesoma Jumatano, ungeniambia nini?"

Mdogo wake angesema neno moja likaisha. Msichana wa meza ya jirani angeshamrukia shingoni. Jicho akapekua ndani mwake mpaka kwenye pembe, na kwa kuwa uongo hauwezi, akasema alichokikuta.

"Sijui. Sisikii kitu. Tangu mama afe sisikii kitu, na si kwako tu. Sitaki kukudanganya."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. Hakumlaumu, na naapa hilo ni jambo gumu kuliko kumlaumu. Alisema mtu hawezi kuvunja mkataba aliosaini kwa ajili ya sijui. Alisema nyumba ameshakabidhi, kitanda ameshauza. Wakamaliza kuku, maana chakula hakitupwi. Akamsindikiza mpaka mlangoni kwake, akamshukuru kwa glavu, akamshika bega, akaenda zake. Jicho akaingia ndani, akavua gauni, akalikunja. Mdogo wake alipopiga simu kuuliza ilikuwaje, akamweleza kila kitu kwa mpangilio. Msusi yule akakosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Jumapili alifua, akapiga pasi, akalala vizuri. Jumatatu saa mbili kasorobo alikuwa kaunta. Wateja walikuwa watatu tu, msimu umekwisha. Simu yake ikatoa mlio, ujumbe wa Fundi.

"Tumeondoka saa moja. Ule vizuri."

Ulikuwa ujumbe wa simu, haukuwa kazi ya duka, kwa hiyo aliusoma kama ulivyokuja. Akaurudia. Kisha kitu kikamshika chini ya mbavu, ghafla, kikali, mpaka akainama na kushika kaunta kwa mikono miwili. Mtu akikalia mguu mpaka ukafa ganzi, damu inaporudi ndipo anapojua kwamba mguu ulikuwepo. Iliuma. Aliumia kwa ajili ya Fundi, na nyuma ya Fundi akaja mama, na miaka minane ya kumgeuza kitandani, na chai ambazo mama hakuzimaliza, vyote kwa mpigo bila foleni. Machozi yalidondokea kwenye tangazo la mtu. Spidi akatoa visikizi masikioni akamuuliza dada ana nini. Jicho akalisukuma lile tangazo kando. Akatoka nje akaketi kwenye ngazi, akapiga simu. Katika miezi minane hakuwahi kuwa wa kwanza kupiga.

"Umenipigia," alisema Fundi, kama haamini. Nyuma yake palikuwa na mngurumo wa gari.

"Inauma."

"Nini kinauma? Uko wapi?"

"Wewe kuondoka. Nimejua sasa hivi. Inauma sana, Fundi."

Mtu mmoja garini aliomba dirisha lifungwe, mwingine akabisha kwamba kuna joto.

"Jicho," alisema Fundi, "gari liko mwendoni. Tuko watu sita na vyombo vya kazi."

"Litasimama mahali. Likisimama, shuka."

"Nyumba nimeshakabidhi."

"Nyumba ninayo mimi."

Jicho aliwasikia wale wawili wakiendelea kubishania dirisha, akasikia honi, akasikia pumzi za Fundi zikiwa karibu na simu. Alikuwa analia waziwazi kwenye ngazi za jengo la watu, na mama mmoja aliyebeba mafaili akamruka kwa heshima akapita. Akaogopa kwamba amechelewa, na hata hofu hiyo aliisikia yote.

"Baki," akasema. "Nakuomba ubaki."

Kisha akamsikia Fundi, sauti yake ikiwa mbali na simu, akimwomba dereva aegeshe pembeni.